Usiku wa Mwanafunzi
(Hotuba iliyotolewa mbele ya jamaa wa Mang'ula, Bonde la Kilombero)



Hotuba hii ilikuwa itolewe baada ya sala ya Isha, kama ilivyo desturi yetu. Tukaona ingekuwa kichekesho kuwakesha vijana ili kuwaambia kwamba hawalali vya kutosha, hivyo tukaileta baada ya Alasiri.

Lililotusukuma kusema ni hili. Katika darasa letu la dini la usiku alikuwapo kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa akisinzia kila siku. Aliamshwa kwa sauti, kisha kwa fimbo, na mwishowe tukamsema mbele ya wenzake kuwa ni mvivu asiyeipenda elimu. Hakujibu neno. Yalipita majuma kadhaa ndipo mmoja wetu akaenda kumtazama nyumbani, akakuta nyumba haina mtu mzima. Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa, na wazazi walikuwa wamehamia shambani ndani ya bonde, mbali na reli ya TAZARA, kuamia ndege. Kijana ameachwa na wadogo zake wawili. Aliamka saa 10 usiku kuchota maji na kuwapikia uji, akatembea hadi shule, akawahi saa 1 asubuhi kufagia uwanja, akasoma hadi alasiri, akarudi kupika, akaja kwetu baada ya Isha. Sisi tulimwachia saa 4 usiku. Kisha ndipo alipofungua madaftari ya shule, na kulala saa 6. Hesabuni wenyewe: muda wa saa 4 tu. Nasi ndio tuliomwita mvivu. Tumemwomba radhi, lakini fimbo hairudi ilikotoka.

Hapana shaka wapo wavivu. Lakini kabla ya kumhukumu mtoto yapasa tujue mwili wake unadai nini. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa pendekezo kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale kati ya saa 8 na 10 kwa siku, kiasi kinachomzidi mtu mzima. Tena liko jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Mtoto anapobaleghe, saa iliyomo mwilini mwake husogea mbele. Homoni iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba usiku umeingia, huanza kutoka kwa kuchelewa kuliko ilivyokuwa utotoni. Basi kijana akikuambia saa 3 usiku kwamba bado hana usingizi, huenda anasema kweli. Na ukimwamsha saa 10 akawa kama gogo, hilo nalo ni kweli. Mwanga wa simu machoni usiku huichelewesha homoni hiyo zaidi, na simu siku hizi zimo hata katika vyumba vya kupanga vya wanafunzi.

Anapoteza nini? Hupoteza kile kile anachokikesha. Yale tuliyojifunza mchana huimarishwa na ubongo wakati tumelala; anayekesha ili asome zaidi anajaza mtungi uliotoboka. Mwaka 1964 mwanafunzi wa sekondari wa San Diego, Marekani, Randy Gardner, mwenye miaka 17, alikaa macho siku 11 kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule. Siku ya mwisho aliambiwa aanze na 100 na kutoa 7 kila mara. Alipofika 65 akanyamaza. Alipoulizwa kwa nini ameacha, akajibu kwamba amesahau alikuwa akifanya nini. Vijana wetu hawakeshi siku 11, la hasha, lakini deni la usingizi hulimbikizwa kidogo kidogo, na mtahini hamuulizi mtu alilala saa ngapi.

Wenzetu wa Kenya walilitia jambo hili katika sheria. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilimtaka mwanafunzi wa bweni awe kitandani tangu saa 3 na nusu usiku hadi saa 12 asubuhi. Pamoja na hayo, malalamiko kwamba watoto wa mabweni huamshwa saa 10 hayakukoma huko, kwani ushindani wa mitihani una nguvu kuliko karatasi. Katika mji wa Seattle, Marekani, mwaka 2016 walisogeza mwanzo wa masomo ya sekondari kutoka saa 2 kasoro dakika 10 hadi saa 3 kasorobo. Wengine walidhani vijana watazidi kuchelewa kulala tu. Walipopimwa, walikuwa wakilala dakika 34 zaidi kila usiku.

Sisi hatuna mamlaka ya kusogeza kengele ya shule. Wala hatuwezi kuisogeza Alfajiri. Lakini usiku wa Mwenyezi Mungu unatosha: Isha kwetu huwa imeswaliwa kabla ya saa 2 na nusu, na anayelala saa 3 akaamka saa 11 kwa Alfajiri amepata saa 8 kamili. Kinachoula usiku huo ni sisi. Mtukufu Mtume s.a.w. hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Mtu atasema kwamba wanazuoni waliyatoa mazungumzo ya elimu katika katazo hilo, na ni kweli. Lakini Abdullah bin Amr, aliyekuwa akifunga kila siku na kuswali usiku kucha, alikumbushwa na Mtume mwenyewe kwamba mwili wake una haki juu yake, na macho yake pia. Ikiwa ibada iliwekewa mpaka, darasa letu ni nani?

Kwa wazazi tuna maneno mawili. Tunajua njaa haina mjadala, na tembo wa Udzungwa wakishuka usiku hawangoji likizo. Hata hivyo, asiachwe mtoto wa kidato kuwa baba wa nyumba msimu mzima. Zamu hupangika, na jirani yupo. La pili ni chandarua. Bonde hili lilitangulia sehemu nyingi za nchi, tangu mwaka 1997, mradi wa KINET ulipoleta vyandarua vyenye dawa. Leo vimo vitandani mwa wakubwa, na mwanafunzi yuko mkekani kando ya magunia, akipigana na mbu hadi usiku wa manane. Na mchana wa joto, siku asiyokwenda shule, mwacheni apate kailula ya nusu saa. Hiyo nayo ni sunna.

Tumekubaliana na walimu wetu hivi: darasa la usiku limefutwa kwa wanafunzi wa sekondari. Watasoma Jumamosi na Jumapili asubuhi, na siku nyingine kwa muda mfupi baada ya Alasiri. Fimbo imeondolewa. Atakayesinzia ataulizwa kwanza amelala saa ngapi, na jibu lake litaandikwa katika daftari la mahudhurio ili tumfuate nyumbani. Darasa la leo linaanza sasa hivi, nalo litakwisha kabla ya Magharibi.