Mpigapicha Asitembee Peke Yake

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika bwalo la shule, siku ya mkutano wa mwaka)



Katibu wetu aliponiandikia alitaka nizungumze juu ya kazi yangu ya miaka 35 katika mambo ya maji. Nilimjibu kwamba habari za mabomba, zikisimuliwa mara baada ya pilau, zitawalaza watu usingizi. Nikaomba ruhusa nizungumze juu ya upigaji picha, na hasa juu ya faida ya kutembea kwa kikundi wakati wa kupiga picha. Alikubali, ila akaniomba nisizidishe nusu saa.

Wazee wenzangu wanakumbuka kwamba mwaka 1976, nikiwa Kidato cha Tatu, nilikuwa ndiye mpigapicha wa shule hii. Chumba chetu cha giza kilikuwa stoo ndogo nyuma ya maabara. Mwalimu wa Kemia alitufundisha kuchanganya dawa, na taa yetu nyekundu ilikuwa balbu iliyofunikwa kwa karatasi ya rangi. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, nasi tulizihesabu kama mtu anavyohesabu nauli ya kurudi nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bidhaa zilipoadimika madukani, mkanda mmoja ulinitosha mwaka mzima.

Tangu hapo sikuacha kupiga picha, lakini nilipiga peke yangu. Nilijiona fundi, na fundi hapendi mtu wa kumchungulia begani. Jumapili nilikwenda ufukweni na kamera yangu, nikapiga jua likizama, milango ya kale, mitumbwi na mawingu. Zilipokuja kamera zisizotumia mkanda nilizidisha, maana sasa hapakuwa na gharama ya kusafisha. Nilikusanya picha zaidi ya elfu kumi, nikaona kwamba nimeendelea sana.

Ndugu zangu, mwaka 2017 nilipata fundisho. Rafiki yangu, niliyelala naye bweni moja hapa miaka minne, yeye kitanda cha juu na mimi cha chini, alifariki dunia. Sitamtaja jina, lakini wa mwaka wetu mnamjua. Mkewe alinipigia simu usiku ule ule akasema, "Shemeji, wewe ndiwe mwenye picha. Tutafutie moja nzuri ya kuweka mbele ya jeneza." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilikaa hadi alfajiri nikitafuta. Nilimwona rafiki yangu katika picha nyingi. Katika moja alikuwa amesimama ufukweni, mdogo kama sisimizi, na jua kubwa nyuma yake. Katika nyingine alikuwa akitembea mbele yangu mtaani, nami nimempiga mgongo. Uso wake, katika picha zote zile, sikuupata. Mwishowe familia ilikuza picha ya kitambulisho chake. Nilikaa msibani nikiitazama, na kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza, "Wewe hukumpiga?"

Baada ya hapo kamera ilikaa kabatini miezi mingi. Aliyeitoa ni mpwa wangu. Alikuja Jumamosi moja, saa 11 alfajiri, akaniambia, "Mjomba, twende ukatembee na wenzangu." Wenzake walikuwa watu kumi na wawili, hawana katiba wala mweka hazina. Wengine walikuwa na kamera kubwa, wengine simu tu. Palikuwa na mwanafunzi wa uuguzi, fundi cherehani, karani wa benki na dereva wa lori. Mzee nilikuwa peke yangu.

Tulikutana penye Sanamu ya Askari, pale katikati ya Dar es Salaam. Wengi mnaijua: askari wa shaba aliyesimamishwa mwaka 1927 kwa kumbukumbu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, bunduki yake imeelekea upande wa bandari. Kiongozi wetu alitupa masharti mawili. Tukae hapo robo saa bila kuondoka, na kila mtu alete picha moja tu.

Mimi nilimaliza kwa dakika mbili. Nilisimama mbali, nikaiingiza sanamu yote, nikapata picha kama ya kadi ya posta. Dakika kumi na tatu zilizobaki niliwatazama wenzangu kwa dharau kidogo. Mmoja alilala chini. Mwingine aliipa sanamu mgongo kabisa.

Baadaye tulipokaa kunywa chai na chapati, kila mmoja akaonyesha yake. Sanamu ilikuwa moja, lakini picha zilikuwa kumi na tatu, na hapakuwa na mbili zilizofanana. Aliyelala chini alipata kivuli cha bunduki kikikata barabara. Aliyeipa sanamu mgongo alimpata mwuza kahawa akinyoosha mkono wenye birika, na nyuma yake, mbali kidogo, bunduki ya askari ikinyooka upande ule ule. Nimepita mahali pale zaidi ya miaka thelathini, na sikuwahi kuona kitu cha namna hiyo.

Hapo ndipo nilipofahamu faida ya kwanza ya kikundi. Mtu akiwa peke yake hurudia kosa lake kila siku hata akaliita mtindo wake. Akiwa na wenzake, huona kwa macho kumi na matatu.

Faida ya pili ilikuwa chungu zaidi. Desturi yao ni kwamba kila mtu huonyesha picha tano za siku ile, naye hukaa kimya. Wenzake husema kwanza wanachokiona. Mwenye picha hujibu baadaye. Zangu zilipopita, watu walisifu mwanga na mpangilio. Kisha yule binti wa uuguzi, ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akasema kwa adabu, "Samahani mzee, nauliza tu. Mbona watu wako wote tunawaona migongo?"

Sikuwa na jibu. Nilizitazama zile tano, nikaona ni kweli. Nikaukumbuka usiku ule wa msiba. Kumbe haikuwa bahati mbaya. Kwa miaka arobaini nilikuwa nikiwaogopa watu, na woga ule nikauficha nyuma ya mawingu na milango. Mimi mwenyewe sikuliona hilo, na hapakuwa na mtu wa kuniambia, kwa kuwa sikuwahi kumwonyesha mtu picha zangu isipokuwa wale wa kusifu.

Wiki iliyofuata tulipita Kivukoni, tukaenda mpaka soko la samaki la Feri. Kiongozi alitugawa wawili wawili, nami nikapangwa na binti yule yule. Mazoea hayana tabu: nilipofika penye wakaangaji nilisimama mbali, nikavuta lenzi ndefu, nikaanza kumpiga mama mmoja kati ya moshi. Akaniona. "Wewe baba! Unaniiba nini?" Watu wakageuka. Nilitamani ardhi ipasuke.

Binti alikwenda moja kwa moja. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akaomba radhi kwa niaba yangu, akauliza habari za kazi, akanunua vibua viwili. Wakazungumza juu ya bei ya mafuta na juu ya moshi unavyoumiza macho. Ndipo akasema, "Mama, huyu mzee anajifunza picha. Unamruhusu?" Yule mama akanitazama, akacheka. "Apige. Lakini asinikimbie nayo, aniletee."

Nilipiga picha tatu nikiwa umbali wa hatua mbili, mikono ikitetemeka. Ya tatu ndiyo ilikuwa picha. Wiki mbili baadaye nilikwenda kumpelekea, imesafishwa vizuri kwenye karatasi. Aliifuta mikono yake kwa kanga kabla ya kuipokea, akaitazama kitambo, akasema, "Mwakani nitakuwa nimezeeka. Afadhali hii ipo." Tangu siku hiyo sijapiga mgongo wa mtu ila kwa sababu.

Sasa, vijana, niwape mambo machache ya ufundi ambayo niliyapata kwa kutembea na wenzangu, na ambayo kitabu hakikuyaingiza kichwani mwangu.

La kwanza ni saa. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda wima na upesi. Mwanga mzuri wa asubuhi ni wa muda wa saa moja hivi tangu jua kuchomoza. Baada ya hapo unakuwa mkali. Mchana jua hukaa utosini, na kwa Dar es Salaam hupita juu ya kichwa kabisa mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Wakati huo macho ya mtu hugeuka mashimo meusi. Mpeleke chini ya mwembe au barazani, atapendeza. Ndiyo sababu matembezi huanza alfajiri, na ukweli ni kwamba peke yangu nisingeamka.

La pili ni ngozi yetu. Kamera haijui inachokitazama. Hupima mwanga wote uliomo, ikauleta kwenye wastani. Ukimpiga mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe au mchanga wa ufukweni, kamera hudhani mwanga umezidi, ikapunguza, na uso unatoka giza. Kosa si la uso. Pima mwanga wa uso wenyewe. Kwenye simu nyingi, bonyeza kidole penye uso, kisha kipandishe juu kidogo. Jambo hili nilionyeshwa na dereva wa lori kwa nusu dakika.

La tatu ni miguu. Kabla ya kuvuta picha kwa lenzi, sogea mwenyewe. Piga ukiwa umesimama, kisha chuchumaa, kisha zunguka upande wa pili.

Sisemi kwamba kikundi hakina hasara. Watu kumi na watatu wakimzunguka mtu mmoja na kamera, huo ni uvamizi. Kwa hiyo tumeweka sheria: wasizidi wawili kwa mtu mmoja, akikataa, tunashukuru na kupita, mtoto hapigwi bila idhini ya mzazi wake, na ukiahidi picha, utaipeleka. Aidha Ikulu haiko mbali na Feri. Penye Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi tunafunga kamera zetu, hatubishani na mlinzi. Na yapo mambo ambayo mtu huyapata akiwa peke yake, akisubiri kimya mahali pamoja. Lakini apate kwanza wa kumwambia kosa lake.

Wala msiseme hamna kamera. Katika kikundi chetu picha bora ya mwaka jana ilipigwa na fundi cherehani kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Mnachohitaji ni watu watano au sita, njia fupi isiyozidi kilomita mbili, jambo moja la kutafuta siku hiyo, kama vile mikono, au vivuli, au watu wanaosubiri, na mahali pa kukaa baadaye mkaambizana kweli. Mkiacha kikao hicho cha mwisho, mtakuwa mmefanya matembezi tu.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Nimemwomba Mwalimu Mkuu, naye amekubali, kwamba leo saa 10 alasiri, jua likipoa, tutembee pamoja kuizunguka shule: mabweni, maabara, uwanja, mpaka ile stoo yangu ya zamani, ambayo nasikia sasa ni ya majembe. Tutakwenda wawili wawili, mzee mmoja na kijana mmoja. Kila mmoja atampiga mwenzake, uso kwa uso, baada ya kumwuliza jina lake na bweni lake. Gharama ya kusafisha picha nitailipa mimi. Nakala moja itakwenda kwa mwenyewe, na moja itabaki maktaba, ikiwa imeandikwa jina nyuma.

Wazee wenzangu, najua wengine mtasema mmechoka, au kwamba sura zimekwisha. Njooni hivyo hivyo. Katika picha ya mwaka wetu tulikuwa vijana 74, na leo nimewahesabu humu ndani 19. Nisingependa mtu mwingine apigiwe simu usiku, akatafute hadi alfajiri, asione ila mgongo.