MIPIRA YA MGUU WA MASHUA

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi, Kisumu)



Tuliombwa tuseme kidogo juu ya kazi ya mashua, kwa kuwa wako wenzetu wa karakana ambao huitwa mara kwa mara kwenda gatini. Wengine watauliza, watu wa reli wana nini na mashua? Tangu reli ilipofika ziwani hapa mwaka 1901, treni na meli zimekuwa ndugu, na fundi aliyezoea behewa hutumwa majini bila kuulizwa kama ajua kuogelea. Sisi wenyewe wanne tuliazimwa kwa miezi sita kutunza mashua moja ndogo ya kazi. Mwenye mashua hatumtaji, maana hatukuja kumshtaki mtu. Tumekuja kueleza habari ya mpira.

Mashua ile haina injini ya kuning'inia nyuma kama zile za wavuvi, wala haina shafti iliyonyoka chini ya maji kama ya meli. Injini yake imo ndani, karibu na tezi, na nje ya ubao wa nyuma kuna mguu wenye giya na rafadha. Mguu huo hugeuka kushoto na kulia kuiongoza mashua, tena huinuka penye maji machache. Namna hii ilianza kuuzwa na Volvo Penta mwaka 1959, na Mmarekani mmoja, Jim Wynne, alikuwa na mkono mkubwa katika kuibuni. Ni kazi ya akili nyingi, hatukatai. Lakini fikirini: ili nguvu ya injini ifike mguuni, sharti ubao wa nyuma utobolewe, na tundu hilo hukaa majini mashua inapoelea. Ndani yake hupita shafti yenye kiungo cha msalaba, kama kile cha lori, ipate kupinda. Na kinachozuia ziwa lote lisiingie humo ni mpira mmoja wa makunjo kama kodiani, umefungwa kwa klipu ya chuma huku na huku. Soli ya kiatu cha kazi ni nene kuupita.

Siku tuliyojifunza jambo hili tulikuwa watu watano ndani, nasi wawili katika hao hatukujua kuogelea. Tulikuwa tumetoka mbali kidogo katika Ghuba ya Winam. Mmoja wetu akasema miguu yake inalowa. Tukafunua mbao, tukaona ngama imejaa na maji yanagusa injini. Pampu ya kutoa maji ilinguruma kidogo ikanyamaza, betri ikiwa dhaifu. Basi tukafua maji kwa ndoo na karai, mmoja akiendesha pole pole, mpaka tukafika gatini mikono ikitetemeka. Makoti ya kuokolea maisha yalikuwa mawili tu. Hesabu hiyo ifanyeni wenyewe.

Tulipoivuta mashua nchi kavu tuliuona ufa. Ulikuwa ndani ya kunjo, upande wa chini, mrefu kama kidole. Jambo la kutuaibisha ni kwamba mpira huo tulikuwa tumeutazama juma lililotangulia, tukasema ni mzuri. Tuliutazama kwa juu tu, mguu ukiwa chini. Hivyo sivyo. Mpira huu hutazamwa kwa kuunyosha. Inua mguu mpaka juu, makunjo ya chini yafunguke; kisha geuza usukani wote kushoto, utazame kulia; geuza kulia, utazame kushoto. Chukua tochi na kioo kidogo, na upitishe kidole ndani ya kila kunjo. Ukiona nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, au mpira umekuwa mgumu, au unanata, usingoje kuona tundu. Huo umekwisha.

Na nani aliuua? Jua, umri, na sisi wenyewe. Mashua ile ilikuwa imeachwa miezi mingi nchi kavu, mguu umeinuliwa juu ati isiguse chini. Mpira ukakaa umekunjwa namna moja mpaka ukashika umbo hilo, na siku uliponyoshwa ukapasuka. Mashua ikilazwa, mguu ushushwe, mpira ukae umenyoka. Jambo la pili, tulikuwa tukiupangusa kwa kitambaa chenye petroli na kuupaka grisi tukidhani twaulainisha. Petroli na mafuta ya injini huvimbisha na kulegeza mipira mingi. Maji na sabuni yatosha. Wala usipakwe rangi.

Sasa tuungame na dhambi nyingine. Stoo haikuwa na mpira mpya, na jibu tulilopewa ni kungoja. Sisi kwa werevu wetu tukakata tyubu ya lori, tukaizungusha na kuifunga kwa waya. Ilishika siku tatu. Siku ya nne waya ulikuwa umeukata mpira wa zamani mahali pengine pawili! Hatutaki kusikia mwanachama wa tawi hili amefanya hivyo tena. Kiraka cha tyubu chafaa baiskeli, maana ukipata pancha barabarani utashuka utembee.

Mpira mpya ulipokuja, kitabu cha mtengenezaji kilituongoza. Kazi kubwa ni kusafisha. Gundi ya zamani na kutu vikwanguliwe mpaka chuma king'ae, kwani mpira mpya juu ya uchafu utavuja tangu siku ya kwanza. Kitabu kikisema utie gundi, tia ile iliyotajwa na uiache ikauke kama ilivyoandikwa, kisiposema, usitie. Klipu iwe ya chuma kisichoshika kutu, ikazwe mpaka ishike, si mpaka izame ndani ya mpira. Na kabla ya kuufunga mguu, weka kidole katika beringi iliyo ndani ya tundu, uizungushe. Ikikwaruza, au maji ya kutu yakitoka, mpira ulikuwa unavuja zamani na beringi imekula maji. Ibadilishwe siku hiyo hiyo. Dereva naye aweza kuisikia: akikata kona, nyuma hutoka sauti ya kunguruma ambayo haipo mashua inapokwenda moja kwa moja. Pia iko mipira mingine karibu, wa moshi na wa waya wa giya. Ule wa waya wa giya ni mdogo kama kidole gumba na watu huusahau, lakini nao waweza kupitisha maji usiku kucha.

Kila mwaka itazamwe yote. Kuhusu kubadilisha, fuateni kitabu cha injini yenu. Wako watengenezaji wanaotaka mpira ubadilishwe kila miaka miwili hata kama wapendeza macho. Na baada ya kazi, shusheni mashua majini ikiwa bado imefungwa kamba, mkae saa nzima mkitazama ngama kabla ya mtu yeyote kusafiri.

Mpira wa mwisho ni ule wa pampu ya maji ya kupozea injini, kigurudumu kidogo chenye mapezi. Huo hulainishwa na maji yale yale unayoyasukuma. Ukikosa maji hata kwa muda mfupi, huungua. Hapa kwetu adui ni magugu maji, huziba tundu la kuvutia maji na injini ikachemka. Ukiona mshale wa joto unapanda, zima injini papo hapo, toa magugu, ndipo ufungue pampu. Sisi tuliifungua tukakuta mapezi matano yamekatika. Vipande tuliviona vinne. Mwenzetu mmoja alitaka tufunge twende nyumbani, jua lilikuwa limekuchwa, lakini tulikitafuta cha tano mpaka tukakikuta ndani ya bomba la mbele, kimeziba nusu ya njia. Kama kingebaki, injini ingechemka tena na kosa lingesemwa ni la fundi. Mpira mpya hupakwa maji ya sabuni unapoingizwa, na injini isiwashwe nchi kavu bila bomba la maji, hata kwa kujaribu tu.

Ndugu, mpira ule tuliuandikia barua mara tatu, na ulikuja baada ya watu watano kukaribia kuzama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanyi kazi aonapo hatari kubwa amwarifu msimamizi wake, na mwajiri asimlazimishe kurudi penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Yasema pia penye wafanyi kazi 20 au zaidi sharti pawe na kamati ya usalama. Sisi tuliarifu kwa mdomo, hatukuweka nakala, na walipokanusha hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Kwa hiyo twaomba halmashauri ya tawi ipeleke mambo matatu: mipira ya akiba ikae stoo kwa kila mashua ambayo mwanachama wetu anatumwa kuitunza; koti la kuokolea maisha kwa kila kichwa kinachopanda; na daftari la ukaguzi ambalo msimamizi ataweka sahihi kila juma.

Wale watatu wanaokwenda gatini Jumatatu wabaki baada ya mkutano. Tumeleta ule mpira uliopasuka, waushike kwa mikono yao.