Viti Vimejaa, Vitabu Haviendi Nyumbani

Hotuba ya mkutubi wa kaunti katika kikao cha wananchi kuhusu huduma za maktaba



Mgeni akiingia maktaba yetu likizo ya Agosti atadhani tunaazimisha vitabu usiku na mchana. Kufikia saa tatu asubuhi hakuna kiti. Akifungua daftari la kuazima, atakuta majina machache, na mengi ni yale yale.

Wengi huja na vitabu vyao. Wanachotafuta ni meza, stima na utulivu, na hawana kosa: nyumba ya chumba kimoja yenye watu sita si mahali pa kufanyia hesabu. Lakini bajeti ikifika, tunaulizwa wanachama ni wangapi na vitabu vingapi vimeazimwa. Msomaji wa mezani haonekani. Kwa hivyo tumeanza kuwahesabu mlangoni pia, kila siku, ili hoja yetu isimame.

Hata hivyo, nataka vitabu vitoke. Nimewauliza wazazi kwa nini hawawaandikishi watoto. Jibu ni lile lile: "Kikipotea, nitalipa na nini?" Ni hofu ya kweli, hasa kwa mama anayeuza mboga. Naomba tu tutenganishe mambo mawili. Kitabu kilichochelewa ni cha kurudishwa, hata kikiwa kimechelewa; msikifiche kwa aibu.

Kuna pia umbali. Anayetoka mbali hulipa nauli kuja kuazima, kisha nauli nyingine kuja kurudisha. Wenzetu wa Garissa walianza mwaka wa 1996 kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia. Sisi hatuna ngamia (na mimi siwawezi), lakini sanduku la vitabu laweza kukaa shule ya msingi muhula mzima, mwalimu akiwa msimamizi.

Fedha za hayo haziko Nairobi pekee. Huduma ya maktaba ya taifa iliundwa kwa sheria ya 1965, lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kikao cha bajeti kikiitwa katika wadi yenu, ulizeni fungu la vitabu ni shilingi ngapi.

Fomu za uanachama ziko mezani pale nje. Fomu ya mtoto inahitaji saini ya mzazi, basi njooni na vitambulisho.