Injini Ikichemsha, Usiendelee na Safari

Pikapu yako ya zamani ikichemsha, simama pembeni uzime injini. Usifungue rejeta ikiwa moto. Maji yake hubabua ngozi.

Dalili za silinda hedi kuharibika kwa joto hilo ni moshi mweupe usiokoma, maji kupungua bila kuonekana yanakovujia, na oili kugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Fundi akiifungua hedi, mwombe apime unyoofu wake, kisha akague nyufa. Iliyopinda kidogo husawazishwa kwa mashine. Iliyopasuka, mara nyingi ni afadhali kuibadilisha. Gasketi iwe mpya, na bolti zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati.

Tibu kwanza chanzo cha joto: rejeta iliyoziba, pampu ya maji au mpira unaovuja. Usipofanya hivyo, hata hedi mpya itaharibika.