Waya na Upepo: Istilahi za Simu na Mapatano ya Majirani wa Ziwa Nyasa



Mhadhara huu unahusu neno moja dogo, simu, na mwambao mmoja, ule wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma. Ninakusudia Lituhi, Liuli, Mbamba Bay na vijiji vilivyo kati yake, ambavyo hadi mwaka 2012 vilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbinga na sasa vimo katika Wilaya ya Nyasa. Hoja yangu ni kwamba anayetafsiri au kuandika historia ya mawasiliano ya eneo hili hawezi kutumia neno simu kwa kila kitu bila kupoteza jambo la msingi, yaani tofauti kati ya habari inayopita katika waya na habari isiyohitaji waya.

Tuanze na neno lenyewe. Simu limetoka katika Kiajemi sim, lenye maana ya fedha na pia waya. Katika Kiswahili maana hiyo ilipanuka hatua kwa hatua: kutoka waya hadi mtambo, kutoka mtambo hadi ujumbe wenyewe. Aliyeletewa simu ya msiba alipewa karatasi, akaisoma. Baadaye ilibidi kutofautisha, nasi tukapata simu ya maandishi, simu ya mdomo na simu ya upepo. Tuangalie kwa makini hilo la mwisho. Waingereza waliuita uvumbuzi huu kwa kukanusha, kitu kisicho na waya. Wajerumani waliuita Funk, yaani cheche, kwa kile kilichoonekana mtamboni. Waswahili walitaja njia inayoubeba ujumbe. Simu ya upepo, tukilirudisha neno kwenye asili yake, ni "waya wa upepo". Ndani ya istilahi hiyo moja mna mgongano uliowashughulisha wanadiplomasia wa zama zile.

Waya huhitaji nguzo, na nguzo husimama katika ardhi ya mtu. Ndiyo maana simu ya waya iliwalazimisha majirani kukaa na kuzungumza. Cecil Rhodes alikusudia kuunganisha kusini mwa Afrika na Misri kwa waya mmoja. Katika mkataba wa tarehe 12 Mei 1894 baina ya Uingereza na Dola Huru ya Kongo, kifungu cha tatu kiliikodishia Uingereza ukanda wa ardhi kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na kifungu cha tano kiliiruhusu kupitisha waya wa simu katika nchi ya Kongo. Ujerumani, jirani wa mashariki, ilipinga ule ukanda, na mwezi Juni mwaka huo huo kifungu cha tatu kikaondolewa. Mwezi Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Mfalme Wilhelm wa Pili, na mwaka huo yakafikiwa mapatano ya kupitisha waya katika Afrika Mashariki ya Kijerumani. Waya uliopanda kwa upande wa magharibi wa Ziwa Nyasa hadi Karonga uliendelea mpaka Ujiji. Rhodes alifariki mwaka 1902, na ndoto ya kufika Misri ikaishia hapo.

Wanafunzi wa isimu wazingatie maneno mawili niliyoyatumia. Mkataba ni wa mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Mapatano yametokana na kupatana, kitenzi chenye kiambishi cha kutendeana. La kwanza latuonyesha karatasi, la pili latuonyesha watu wawili. Si kila mkataba una mapatano ndani yake.

Sasa tuje kwenye upepo. Kwa Wajerumani wa Dar es Salaam waya ulikuwa na kasoro ya kisiasa. Waya wa chini ya bahari uliowaunganisha na ulimwengu tangu 1890 ulipitia Zanzibar, mikononi mwa Waingereza. Simu ya upepo iliahidi kuwaepusha na mlango wa jirani, na kabla ya vita vituo vyake vikajengwa Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam.

Lakini upepo nao ulitafutiwa mwenyewe. Kampuni ya Marconi ilikuwa inakataa kupokea ujumbe kutoka meli zenye mitambo ya wengine. Ujerumani ikaita mkutano Berlin mwaka 1903, ambako Uingereza na Italia, zilizofungwa na makubaliano yao na kampuni hiyo, zilisita. Mkutano wa pili, uliofanyika hapo hapo, ulizaa mkataba wa tarehe 3 Novemba 1906. Kifungu chake cha tatu kinavilazimisha vituo vya pwani na vya melini kupokea na kutuma ujumbe baina yao bila kujali aina ya mtambo. Kiswahili kinaweza kuubeba wajibu huo kwa kitenzi kimoja: kupelekeana. Kauli ya kutendea na kauli ya kutendeana zimekaa pamoja ndani yake.

Hata hivyo, mkataba ulikieleza kituo cha pwani kuwa ni kile kinachowasiliana na meli zilizo baharini. Neno letu pwani limetokana na kupwa kwa maji, na Ziwa Nyasa halipwi wala halijai kama bahari. Kwa hiyo tafsiri ya Kiswahili inaonyesha wazi kile ambacho msomaji wa lugha nyingine angeweza kukipita: mkataba uliandikwa kwa kuifikiria bahari. Majirani wawili wa ziwa hili, waliotia saini wote wawili kule Berlin, walikuwa na mapatano juu ya waya wa nchi kavu na juu ya upepo wa baharini. Meli zao za ziwani zilibaki kati ya hayo mawili.

Matokeo yalionekana Liuli, ambako Wajerumani walikuita Sphinxhafen. Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Tarehe 8 Agosti manowari ya Astraea iliishambulia Dar es Salaam, na mnara wa simu ya upepo ukabomolewa. Serikali ya Nyasaland huko Zomba ilikuwa imekwisha kupata habari kwa waya. Tarehe 13 Agosti Kapteni Rhoades akaja na meli ya Gwendolen, akaipiga mizinga meli ya Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nahodha wake, Berndt, aliyefahamiana vyema na Rhoades, hakuwa na habari ya vita yoyote. Alitekwa. Siku tisa zilikuwa zimepita, na jirani mmoja alijua asilolijua mwenziwe. Mwandishi anayetuambia tu kwamba "habari ilikuja kwa simu" ametuficha kiini cha tukio: ilikuja kwa simu ipi, ya nani, na kwa ruhusa ipi?

Wapo watakaosema kwamba simu ya upepo ni istilahi isiyo ya kisayansi, kwa kuwa mawimbi ya redio hayabebwi na upepo. Ni kweli. Lakini jua nalo halizami, na bado tunasema machweo bila kumpotosha mwanafunzi wa jiografia. Istilahi haidaiwi kuwa kanuni ya fizikia. Inadaiwa kutenganisha kisichofanana na kingine na kueleweka kwa wenye lugha.

Napendekeza basi mambo mawili. Kwanza, katika kutafsiri nyaraka za kipindi hiki, tuseme simu ya waya na simu ya upepo, na neno simu pekee tuliachie mazungumzo ya leo. Pili, wanafunzi wetu wafasiri kwa Kiswahili mikataba hii ya 1894, 1899 na 1906, kifungu kwa kifungu. Iliamuliwa kwa lugha za Ulaya, nayo ikagusa maisha ya watu wa Liuli na Mbamba Bay ambao hawakuulizwa. Wajukuu wao wana haki ya kuisoma kwa lugha wanayoielewa, ili wajue ni neno gani lililowaacha nje.