UGONJWA WA KUVU UKENI NA DAWA ZAKE

(Maneno ya halmashauri ya wanawake ya tawi, yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa zamu.)

Ndugu Mwenyekiti, mama zetu, dada zetu, na ninyi ndugu wanaume mliobaki vitini baada ya kusikia jina la habari hii,

Tumepewa nusu saa, nasi twataka kuitumia kwa jambo ambalo wengi wetu hulinong'ona kwenye foleni ya maji, lakini mkutanini halijapata kutajwa. Ni mwasho wa ukeni, na dawa tunazonunua ili kuuondoa. Tumekata shauri kulisema kwa sauti kwa sababu mbili. Kwanza, fedha za mishahara yetu zinakwenda katika maduka ya dawa kununua dawa isiyolingana na ugonjwa. Pili, yuko mwenzetu wa banda la kupakia maua aliyeomba ruhusa kwenda dispensari, nyapara akamwuliza mbele ya watu ana ugonjwa gani, na alipojibu kwa haya, akaambiwa kuwashwa si ugonjwa, arudi mezani. Hilo la pili tutalifikia. Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana mtu hawezi kudai haki juu ya jambo asilolijua.

Kila aliyewahi kukanda unga wa mandazi aijua hamira. Ni kitu chenye uhai; ukikipa sukari na joto, huongezeka na kuumua unga. Basi kuvu inayotusumbua ni jamaa ya hamira. Wataalamu huiita kandida, na aina iliyo ya kawaida zaidi ni Candida albicans. Hukaa katika miili ya watu wengi, kinywani, matumboni na ukeni, wala haiwadhuru, kwa sababu wapo walinzi. Walinzi hao ni bakteria wema waitwao laktobasili, ambao hutengeneza asidi na kuuweka uke katika hali yake. Ulinzi ukilegea, kandida huongezeka mno, na hapo mwasho huanza.

Inakadiriwa kwamba katika kila wanawake 4, 3 hupatwa na jambo hili angalau mara moja maishani. Kwa hiyo mwenye kuwashwa si mchafu, wala hakurogwa, wala hakutoka nje ya ndoa. Hapo twawageukia ndugu wanaume. Kandida haihesabiwi katika magonjwa ya zinaa. Msichana asiyemjua mwanamume aweza kuipata. Mume aliyekwisha kuanzisha ugomvi nyumbani kwa ajili ya mwasho wa mkewe, leo akirudi amwombe radhi. Na kwa kawaida mume hana haja ya kutibiwa, isipokuwa yeye naye awe anawashwa au ana vipele.

Ni nini hulegeza ulinzi? Mara nyingi ni dawa za kuua bakteria. Mtu ameza dawa za kifua au za jino kwa siku 7, na pamoja na bakteria wabaya hufa na wale walinzi. Mimba nayo huleta. Ugonjwa wa sukari usiotawaliwa vizuri huleta sana, maana kandida ni kama hamira: sukari ni chakula chake. Na mwenye kinga iliyopungua, kwa sababu ya virusi vya UKIMWI au dawa za namna ya steroidi, husumbuliwa zaidi kuliko wengine.

Dalili zake mwazijua. Mwasho mkali, wekundu na uvimbe, kuungua mkojo unapogusa mahali palipochubuka, maumivu wakati wa kukutana na mume, na mara nyingi majimaji meupe mazito kama maziwa yaliyoganda. Harufu mbaya hayana.

Sasa tufike mahali ambapo fedha zetu hupotelea. Si kila mwasho ni kuvu, na si kila majimaji ni kuvu. Yapo magonjwa mengine mawili ambayo watu huyachanganya na hili. Moja ni pale bakteria wabaya wanapowashinda wale wema. Majimaji huwa mepesi, ya rangi ya kijivu, yenye harufu kama ya samaki. La pili ni la kijidudu kiitwacho trikomonasi. Majimaji yaweza kuwa ya manjano au kijani, yenye povu, na mwasho waweza kuwa mkali vilevile. Hilo la trikomonasi ndilo la zinaa, na humo mume hapana budi atibiwe pamoja na mke, la sivyo watarudishiana. Magonjwa haya mawili huponywa kwa dawa nyingine kabisa, metronidazoli. Dawa ya kuvu hayaisikii hata kidogo, kama vile dawa ya kunguni isivyoua magugu shambani.

Mwenzetu mmoja alinunua kapsuli ya flukonazoli mara 4 katika miezi 3. Kila mara muuzaji alimpa kwa kusikia neno moja tu, «nawashwa». Alipokwenda dispensari hatimaye, muuguzi alimpima, akachukua majimaji kidogo kwenye kioo na kuyaweka chini ya hadubini, akamwona trikomonasi anaogelea. Mwenzetu huyo na mumewe walipewa metronidazoli, wakapona. Zile kapsuli 4 zilikuwa nzuri, hazikuwa bandia; zilipelekwa tu kwenye vita visivyokuwa vyao. Kwa hiyo twasema hivi: aliyepatwa kwa mara ya kwanza apimwe kabla ya kununua. Vilevile mwenye harufu mbaya, mwenye homa au maumivu ya tumbo la chini, mwenye vidonda, mwenye mimba, na yule ambaye alimaliza dawa bila nafuu.

Ikiwa ni kuvu kweli, habari ni njema. Katika wagonjwa 10 wa kawaida waliomaliza dawa za jamii ya azoli, 8 au 9 hupona. Klotrimazoli na flukonazoli zimo katika jamii hiyo. Kazi yake ni hii: kuvu ina ngozi yake, na ndani ya ngozi hiyo mna kitu kama mafuta kiitwacho ergosteroli, ambacho mwili wa mtu hauna. Azoli huizuia kuvu isikitengeneze, ngozi yake ikadhoofika. Ndiyo sababu dawa humdhuru yeye zaidi kuliko sisi.

Klotrimazoli ni ya kutia ukeni, usiku wakati wa kulala. Kiko kidonge cha miligramu 500 cha usiku mmoja, na viko vya miligramu 100 ambavyo hutiwa kila usiku kwa siku 6 au 7. Wengi wetu hupewa hivi vya siku nyingi, usiku wa pili mwasho ukapungua, vilivyobaki vikafungwa katika kitambaa kwa ajili ya siku nyingine au kwa ajili ya jirani. Hiyo si akiba. Kuvu iliyobaki huanza upya, na jirani hana hakika kama ana ugonjwa huo. Jambo jingine dogo: krimu na vidonge hivi vyaweza kudhoofisha mpira wa kondomu, basi usiutegemee siku hizo.

Flukonazoli humezwa, kapsuli moja ya miligramu 150, mara moja tu. Wapo wanaoimeza jioni, na kesho asubuhi wakiona bado wanawashwa wanakwenda kununua nyingine. Dawa hii hukaa mwilini siku kadhaa ikifanya kazi. Nafuu yaweza kuanza siku ya kwanza au ya pili, na kupona kabisa kukachukua karibu wiki. Mwenye ugonjwa mkali, aliyevimba na kuchanika, daktari aweza kumpa kapsuli ya pili baada ya siku 3. Lakini hiyo ni kazi ya daktari. Anayetumia dawa nyingine, hasa ile ya kuzuia damu isigande iitwayo warfarini, amwambie daktari kwanza, maana flukonazoli huiongezea nguvu ikawa hatari.

Mama mjamzito asimeze flukonazoli kwa kujinunulia. Kwake yeye ni dawa ya kutia, klotrimazoli, kwa siku 7 kamili.

Iko na dawa ya zamani, nistatini, nasi hatuwezi kuipita bila kuisimulia, kwa sababu iligunduliwa na wanawake wawili waliokuwa wafanyakazi wa idara ya afya ya jimbo la New York, Marekani. Mmoja, Elizabeth Hazen, alikuwa mjini New York akichunguza udongo kutoka mahali mbalimbali. Mwingine, Rachel Brown, mkemia, alikuwa Albany. Walipelekeana mitungi kwa posta. Udongo uliotoka katika shamba moja la Virginia ulikuwa na kijidudu kinachotoa dawa ya kuua kuvu, nao wakaitangaza mwaka 1950. Jina lake lilitokana na New York State, yaani jimbo lililowaajiri. Dawa hiyo ilileta zaidi ya dola milioni 13 za haki ya uvumbuzi, nao hawakujichukulia chochote. Zote zilitolewa kusaidia utafiti na masomo ya wengine. Ilitumika hata kuzuia kuvu katika picha za kale zilizolowa wakati wa mafuriko ya Florence, Italia, mwaka 1966. Nistatini haifanyi kazi kama azoli. Hutoboa ile ngozi ya kuvu. Ukeni hutumika usiku 14, basi ni ndefu, lakini bado ina kazi yake pale azoli inaposhindwa.

Maana hushindwa wakati mwingine. Ziko kandida za aina nyingine, kama ile iliyozoeleka kwa jina la glabrata, ambazo haziitii flukonazoli sawasawa, na nyingine iitwayo krusei haiitii kabisa. Mtu akimeza na kumeza bila kupona, hapo hadubini peke yake haitoshi. Majimaji yapelekwe maabara kuoteshwa ili aina yake ijulikane. Na anayerudiwa mara 3 au zaidi katika mwaka mmoja, hata kama kila mara hupona, aombe apimwe sukari na virusi vya UKIMWI. Hatusemi hivyo kuwatisha. Wengi wa wanaorudiwa hawana lolote kati ya hayo. Lakini kama lipo, ni afadhali lijulikane kwa sababu ya mwasho kuliko kwa sababu ya kuzirai kazini. Yuko na utaratibu wa kuwatibu hao: kwanza dawa za kuishinda kuvu, kisha flukonazoli mara moja kwa wiki kwa miezi 6, chini ya macho ya daktari.

Juu ya kujisafisha ndani kwa sabuni, dettol, chumvi au mvuke wa majani, tutasema kwa ufupi: acheni. Huchoma, na huwafukuza wale walinzi. Maji safi ya kuoshea nje yatosha.

Sasa habari ya kazini. Katika mazungumzo ya halmashauri, baadhi yetu walitaka tumwambie tajiri kwamba vyoo vyake ndivyo vinavyotupa ugonjwa huu. Hatukukubali. Choo kibovu hakileti kandida, na tukisema hivyo daktari wake atatuumbua mbele ya meza, madai yetu yote yakadharauliwa. Madai ya kweli yapo ya kutosha. Mwanamke anayetumia dawa hii ahitaji mahali pa faragha, mlango unaofungika, maji na sabuni ya kunawa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri aweke vyoo vya kutosha, vya wanawake mbali na vya wanaume, na mahali pa kunawa. Katika banda la kupakia milango miwili haina komeo, na bomba halina maji mchana. Hayo twaweza kuyaonyesha kwa kidole.

Tena, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Haikuandikwa humo kwamba nyapara ndiye atakayeamua ugonjwa ni upi. Na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Basi kuulizwa mbele ya meza nzima, «Unaumwa wapi?» hakufai, nasi twataka kukomeshwe.

Halmashauri yaleta maombi matatu ili mkutano uyapigie kura. Mwenye kutaka kwenda dispensari amwambie karani wa kike, apewe karatasi isiyotaja ugonjwa. Vyoo vya banda la kupakia vitiwe makomeo na tangi la maji. Na dispensari ya shamba iwe na hadubini inayofanya kazi, pamoja na klotrimazoli na metronidazoli, ili watu wasipimwe kwa kubahatisha.

Mwenye swali asilotaka kuliuliza hapa atatupata nyuma ya ofisi ya tawi baada ya mkutano. Muuguzi amekubali kukaa nasi hadi saa kumi na moja.