Chozi Naye Ana Hesabu Zake

Leo ninataka kumzungumzia ndege mmoja mdogo ambaye wengi wetu tunamwona karibu kila siku na hatumjui jina. Ni chozi. Sisemi lile chozi la kilio. Nasema yule ndege mwenye mdomo mwembamba uliopinda kama mundu, anayerukaruka kwenye maua uani, dume likimeremeta kijani au zambarau juani, na jike likiwa na rangi ya vumbi tu.

Nilikuwa Singida mjini mwishoni mwa kiangazi, karibu na Ziwa Singidani. Kijana wa mwenyeji wangu, mwanafunzi wa sekondari, alimwona chozi kwenye ua la mshubiri, akaniambia kwa furaha: "Baba mdogo, tazama, yule ndege mvumaji wa Amerika!" Alikuwa amemwona huyo mvumaji kwenye televisheni. Sikumlaumu. Ameonyeshwa ndege wa milima ya Andes kabla hajaonyeshwa wa nyuma ya nyumba yao.

Ndege wavumaji wapo aina zaidi ya 300, na wote makwao ni Amerika. Afrika hatuna hata mmoja. Jamaa zao wa karibu ni teleka, wale ndege wa kasi ambao ni nadra kuwaona wametua. Chozi yuko upande wa akina shomoro. Wanafanana kwa sababu wamefuata riziki ya aina moja, yaani maji matamu yaliyo ndani ya ua refu jembamba. Mvumaji husimama hewani kwa nguvu ya mabawa, hata kurudi kinyumenyume anaweza. Chozi wetu aghalabu hutafuta kitawi, akatua, kisha akainama na kunywa. Mimi naona huyu wa pili ndiye mwenye adabu ya mezani.

Hata hivyo, kama ni ujasiri wa milimani, hatuna haja ya kwenda Andes. Kwenye Mlima Kilimanjaro, Mlima Kenya na Ruwenzori, juu kabisa ambako miti ya kawaida imekwisha, kuna chozi mwenye mkia mrefu na vishungi vyekundu kifuani. Jina lake la kitaalamu linamkumbusha Harry Johnston, Mwingereza aliyekwenda Kilimanjaro mwaka 1884. Wenyeji wa mlimani hatukuambiwa walikuwa wakimwitaje. Huko juu mchana ni jua kali na usiku ni barafu. Mvumaji mmoja wa Peru hukabili usiku wa namna hiyo kwa kuuzima mwili wake: mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba joto la mwili lilionekana kushuka hadi nyuzi 3 na kidogo za sentigredi, na asubuhi ndege akaamka mzima. Chozi wa Kilimanjaro yeye ameegemea lobelia, ile mimea mikubwa inayozidi kimo cha mtu. Hunywa katika maua yake na kula vijidudu vinavyokaa humo. Lobelia moja hukaa miaka mingi kabla ya kutoa maua, kwa hiyo inapochanua, dume huishika kama mtu aliyepata kibanda sokoni. Vile vishungi vyekundu ndivyo anavyovitunisha akimwonya jirani.

Lakini je, kulinda maua kunalipa? Swali hili liliulizwa na Wamarekani wawili, Frank Gill na Larry Wolf, waliowachunguza chozi wenye mabawa ya rangi ya dhahabu katika nyanda za juu za Kenya, na wakatoa matokeo yao mwaka 1975. Walipiga hesabu kama mwenye duka. Chozi akiwa amekaa tu hutumia takriban kalori 400 kwa saa, kalori ndogo zile za maabara. Akinyonya maua hutumia 1,000. Akimfukuza mwenziwe hutumia 3,000. Kumbe ugomvi ni ghali! Hata hivyo, ua lililolindwa halinyonywi na kila mpita njia, na utamu wake huongezeka. Ua likiwa na utamu maradufu, kazi ya saa nane ya kutafuta chakula huwa ya saa nne. Nusu siku iliyobaki chozi hupumzika. Wakaona pia kwamba maua yakiwa machache mno, au yakiwa mengi kila mahali, ndege huacha kulinda. Hapiganii kitu kisichomrudishia gharama. Napenda sana utafiti huu, maana kuna watu wazima, tena wenye ofisi, ambao hawajafikia hesabu hiyo.

Sasa turudi Singida, mkoa usio na lobelia wala barafu. Huko kigumu cha chozi ni kiangazi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili au Mei, kisha upepo na vumbi. Katika miezi hiyo ya ukavu, maua ya chozi yako mahali ambapo sisi tunapaita pori tu: mishubiri kwenye miamba, vichaka vilivyobaki kati ya shamba na shamba, na kirukia, ule mmea unaoota juu ya matawi ya miti mingine. Kuna maua ya kirukia ambayo hungoja mdomo wa chozi uyaguse. Yakiguswa hupasuka ghafla na kummwagia ndege chavua usoni, naye huipeleka kwenye ua jingine. Najua mwenye mti hakipendi kirukia, na ana sababu.

Wakati wa kusafisha shamba, vitu hivyo ndivyo vinavyotangulia kufyekwa. Kusini, upande wa Manyoni, vichaka vya Itigi, uoto ambao nje ya Tanzania ya kati unapatikana kaskazini ya Zambia tu, vimekuwa vikikatwa kwa mkaa na kwa mashamba, na katika miaka ya karibuni kwa korosho pia. Sisemi watu wasilime. Wala sisemi kwamba chozi ndiye anayeizalisha alizeti ya Singida. Hiyo zaidi ni kazi ya nyuki. Lakini nyuki naye katika kiangazi hutegemea vichaka hivyo hivyo, na asali ya Singida inauzwa hadi Kariakoo. Mkulima anayefyeka hadi ukingo wa mwisho wa shamba anapata matuta mawili, labda matatu. Hayo matuta yanampa magunia mangapi, na amepoteza nini upande wa pili? Gill na Wolf walimfanyia chozi hesabu kwa saa moja moja. Ukingo wa shamba la Singida nao unastahili kalamu na karatasi, tena kabla panga halijanolewa.

Yule kijana nilimwachia kazi ya kuandika kila ua ambalo chozi atatua mpaka mvua zianze. Juma lijalo, tukijaliwa, nitazungumzia nyuki wa Itigi na mizinga yao.